Banki gani inafanya kazi saa nane ya usiku?



Barua ya mwezi huu imetoka kwa mama mmoja wa Likasi. Jina lake nitalinyamazia. Mume wake ni mfanyakazi wa mine, na binti yao wa kwanza anasoma mambo ya pesa katika universite moja ya Toronto, inchi ya Canada. Mama anaandika hivi: «Pasta, mtoto alituambia amepata staji katika banki. Tulifurahi, tukashukuru Mungu. Lakini sasa nikimupigia telefoni hashike. Mdogo wake anakaa naye kule, akaniambia: Mama, yaya anarudia saa nane ya usiku, siku zingine saa tisa. Nikamuuliza yeye mwenyewe, akajibu: Niko mu mafundisho, mama. Mafundisho gani ya usiku? Huku kwetu banki inafunga mulango muchana. Baba yake hasemi kitu, lakini halale. Uniambie kweli, kuko banki ya namna hii?»

Kuko, mama. Banki ya namna hii iko, na kama mtoto anafanya staji ndani yake, kurudi saa nane ya usiku si ajabu hata kidogo. Nitaeleza kwa urefu kidogo, maana si wewe peke yako unayeuliza. Siku hizi jamaa nyingi za kwetu zina mtoto Johannesburg, Brussels ao Montréal, na vijana wetu wa hapa, hasa wale wa seksio ya komersiale, wanasikia neno hili la banki ya uwekezaji bila kujua ndani yake kuna nini.

Banki mbili

Banki unayoijua wewe ni ya dirisha. Mfanyakazi anafika na kadi yake, anapanga mustari, anatosha mshahara, anaenda zake. Banki ya uwekezaji haina dirisha. Wateja wake si watu wa mshahara, ni makampani na serikali. Kampani inatafuta milioni mia tano za dola ili ifungue shimo jipya: banki inaitafutia pesa kwa kuuza hisa, maana yake vipande vya kampani, ao kwa kuuza karatasi za deni. Kampani inataka kununua kampani nyingine: banki inahesabu bei, inatayarisha maandiko, inaongoza mazungumzo mpaka sahihi zinatiwa. Kazi ikitimia, banki inakata sehemu yake.

Usifikiri kwamba mambo haya yako mbali na mlango wako. Mwezi wa 5, mwaka 2011, Glencore, ambayo jina lake kila mtoto wa Kolwezi analijua, iliuza hisa zake mara ya kwanza katika masoko ya London na Hong Kong, ikakusanya karibu dola bilioni 10. Mwaka 2016 Waamerika wa Freeport-McMoRan waliuza sehemu yao ya Tenke Fungurume kwa kampani ya Kichina, China Molybdenum, kwa dola bilioni 2.65. Wafanyakazi wa Fungurume walibadilisha mkubwa bila kubadilisha njia ya kwenda kazini. Na Toronto zaidi ya miji mingine ni mji wa mambo ya mine. Katanga Mining ilikuwa katika soko la hisa la pale mpaka mwaka 2020. Ivanhoe Mines, wale wa Kamoa-Kakula, wako pale. Nyuma ya mauzo ya namna hii kunakuwa vijana wa miaka 21 ao 22 wanaokaa usiku mbele ya kompyuta wakipanga namba. Pengine wiki hii binti yako anahesabu tani za shaba ya Kolwezi, na hana ruhusa ya kukuambia. Jambo hilo la ruhusa nitalirudilia, juu ni kubwa kuliko usingizi.

Mafundisho yenyewe

Hapa ndipo neno moja linadanganya watu. Tukisikia «staji ya mafundisho» tunaona darasa, mwalimu na ubao. Darasa liko, lakini ni fupi. Kule New York staji ya namna hii ni karibu majuma 10, toka mwezi wa 6 mpaka mwezi wa 8. Canada masomo yanaisha mwezi wa 4, basi staji inaanza mwezi wa 5 na inaendelea karibu majuma 16. Katika muda huo darasa linachukua siku chache, pengine juma moja, mawili yakizidi. Halafu mlango wa darasa unafungwa na mtoto anapewa meza. Waliokwisha kumaliza universite na kuandikwa kazi ya kudumu ndio wanaofundishwa kwa majuma mengi, na kule Marekani wanapaswa tena kushinda mitihani ya leseni mbele ya kuhudumia mteja. Stajieri hapati muda huo.

Mwalimu pengine ni mtu wa banki yenyewe, pengine ni wa nje. Kuna makampani ambayo kazi yao ni hiyo tu, kuzunguka katika mabanki kufundisha vijana. Moja ya yale yanayojulikana, Training The Street, ilianzishwa mwaka 1999. Wanakimbia sana. Kijana anayengojea kuanza kujifunza hesabu siku ile atakuwa amechelewa.

Wanafundisha nini? Kwanza karatasi tatu. Ya kwanza inaonyesha mapato na gharama, faida ao hasara. Ya pili ni bilani, mali upande mmoja, madeni na haki ya wenye kampani upande wa pili. Ya tatu inafuata pesa taslimu tu: imeingia ngapi, imetoka ngapi. Vijana wa komersiale, ninyi mnazijua karatasi hizi, kwa sababu inchi yetu iliingia OHADA mwaka 2012 na mpango wake wa hesabu unazidai zote tatu. Wazungu hawana karatasi ya nne waliyotuficha. Shida ni kuzifunga pamoja, na mwalimu atakujaribu pale.

Mfano wanaoupenda ni huu. Kampani ina lori. Kila mwaka lori linazeeka, na mwandishi wa hesabu anaandika uchakavu wake. Mwaka huu uchakavu umeongezeka kwa dola 10. Tuseme kodi ni 40 kwa 100. Karatasi tatu zinabadilika namna gani? Faida mbele ya kodi inashuka 10. Kodi inashuka 4. Faida inayobaki inashuka 6. Lakini sasa angalia: kuna mtu aliyetoa dola 10 mfukoni? Hakuna. Lori limezeeka tu, halikuomba franka. Kwa hiyo pesa ndani ya sanduku haishuki, inapanda kwa 4, ile kodi ambayo haikulipwa. Katika bilani sanduku limepanda 4, lori limeshuka 10, basi upande wa mali umeshuka 6. Upande wa pili faida iliyowekwa imeshuka 6 vilevile. Pande mbili zimelingana. Kijana anayeweza kueleza jambo hili bila karatasi, kwa sauti ya kawaida, mbele ya mkubwa aliye na haraka, amepata nusu ya mafundisho. Jaribuni nyumbani usiku huu, ninyi wa mwaka wa sita.

Nusu ingine ni bei ya wakati. Mama, hii unaijua kuliko binti yako. Katika likelemba ya wanawake kumi kila mmoja anapokea kiasi kilekile, lakini kila mmoja anataka apokee wa kwanza. Juu ya nini? Kwa sababu pesa ya leo unaitumia leo, na pesa ya mwezi wa kumi inakuta bei zimepanda na wengine wamehama mji. Banki inatia namba juu ya hekima hiyo. Kama mwenye pesa anataka 10 kwa 100 kila mwaka, dola 100 za mwaka ujao zinafaa dola 91 leo. Dola 100 za mwaka wa pili zinafaa 83. Zile za mwaka wa kumi zinafaa 39 tu. Wanachukua pesa yote ambayo kampani itaingiza miaka ijayo, wanaipunguza mwaka kwa mwaka namna hiyo, wanajumlisha, wanasema: bei ya kampani ni hii. Halafu wanaangalia na bei ambayo makampani yanayofanana nayo yanauzwa, ili wasidanganywe na hesabu yao wenyewe.

Kwa mine kuna jambo moja zaidi. Duka linaweza kuishi mpaka wajukuu, lakini shimo la shaba lina mwisho. Basi wanahesabu mpaka tani ya mwisho: kila mwaka tani ngapi, bei gani, umeme na asidi ni gharama gani, malori ya kufikisha mzigo Durban ao Dar es Salaam ni gharama gani, sehemu ya serikali ni ngapi. Mwaka 2018 sheria mpya ya mine ya Congo ilipandisha haki ya serikali juu ya shaba toka 2 mpaka 3.5 kwa 100, na mwisho wa mwaka ule kobalti ikahesabiwa kuwa madini ya pekee, ikawekwa 10 kwa 100. Katika kompyuta ya stajieri hiyo ni namba moja ndani ya kisanduku kimoja kidogo. Akiisahau, bei yote ya mine inatoka ya uongo. Na mimi ninayeandika nikiwa huku, ninajua kwamba sheria hiyohiyo inasema 15 kwa 100 ya haki hiyo iende kwa eneo linalochimbwa. Kumbe kisanduku kile kina shule na visima ndani yake. Ningependa sana kwamba anayekijaza awe mtu aliyewahi kunywa maji ya kisima cha Kambove.

Mambo mengine nitayapita mbio. Wanafundisha programu ya Excel, na walimu wengine wanaondoa kipanya mezani ili mikono ijifunze kwenda kwa vidole tu. Namba ambayo mtu ameiandika mwenyewe inapewa rangi ya bluu, na ile iliyohesabiwa na mashini inabaki nyeusi, ili anayefuata ajue ni kipi cha kuhoji. Wanafundisha kutengeneza kurasa za kumuonyesha mteja, na kuandika chini ya kila ukurasa namba imetoka wapi. Ni vitu vidogo. Vinachosha. Mtu akifika na mawazo kwamba atakaa na wakubwa kuamua mambo ya dunia, atashangaa kuona siku nzima imepita juu ya mustari ambao haukunyooka.

Meza, na sababu ya usiku

Kwa kweli mafundisho makubwa yako mezani. Katika biro kuna mtu mmoja anayegawa kazi kwa vijana, sawa kapita anavyogawa watu asubuhi. Anaweza kukupa kazi tatu za wakubwa watatu, na kila mmoja anafikiri wewe ni wake peke yake. Hapo uwe na kinywa. Mwambie mapema: «Niko na hii ya leo usiku na ile ya kesho asubuhi, nianze na gani?» Anayenyamaza na kukubali yote ataangusha moja, na wataikumbuka ile aliyoangusha.

Sasa mama, jibu la swali lako. Wakubwa wanashinda mchana katika mikutano na wateja. Jioni wanarudi, wanasoma kurasa, wanaandika juu yake kwa kalamu nyekundu: badilisha hii, ongeza ile, namba hii imetoka wapi? Kurasa zinafika kwa kijana saa moja ao saa mbili ya usiku, na mteja anazitaka asubuhi. Anayekaa kuzitengeneza ni yule mdogo kuliko wote. Kwa hiyo kuna mchana ambapo mtoto anakaa paka kungojea, na usiku ambapo anakimbia. Mabanki mengi yanalipia chakula cha usiku na gari la kumrudisha nyumbani, juu wanajua saa ambayo watu wao wanatoka. Kama mdogo wake anaona gari linamuacha mbele ya nyumba saa nane, hilo si gari la mwanamume. Nimeona katika barua yako swali ambalo hukuliandika, ndiyo maana ninalijibu.

Nao muda wote huo wanamwangalia. Katikati ya staji anaambiwa anaendaje, na mwishoni anaambiwa kama watamuandika kazi akimaliza masomo. Ni mtihani wa majuma yote, si wa siku moja. Wanaangalia mambo ya kawaida sana: je, akiona kosa lake analisema mbele ya kuulizwa? Anaandika katika daftari ao anauliza kitu kimoja mara tatu? Anasoma kazi yake tena kwa kalamu, namba kwa namba, mbele ya kuitoa? Akili nyingi hazisaidii aliyekosa haya. Wenye akili ni wengi mlangoni: kwa staji za Goldman Sachs za mwaka 2024 walioomba walipita 300,000, na hata mmoja kwa 100 hakuchukuliwa.

Siri

Hapa ninasema na jamaa yote, na hasa na wajomba.

Siku za kwanza za mafundisho kijana anatia sahihi ya kutunza siri. Kila kazi inapewa jina la uficho, ili hata mtu akiliona juu ya meza asijue ni kampani gani. Hawaruhusiwi kuzungumza ndani ya asansere. Sababu yake ni hii: mtu akijua mbele ya wengine kwamba kampani fulani itanunuliwa, anaweza kununua hisa zake leo kwa bei ndogo na kuziuza kesho kwa bei kubwa. Huo ni wizi, na sheria inaufunga.

Kule Marekani kuna habari moja ambayo ingefaa isomwe katika kila nyumba yenye mtoto wa banki. Maher Kara aliingia banki ya Citigroup mwaka 2002, katika upande wa makampani ya dawa. Alikuwa na kaka mkubwa, Michael, aliyesoma kemia. Mwanzo alimuuliza kaka yake maana ya maneno ya dawa, tena baba yao alikuwa mgonjwa wa kansa, basi walizungumza sana mambo hayo. Polepole kaka akaanza kununua hisa kwa habari hizo. Siku moja akapiga telefoni, akasema ana deni la mtu. Mdogo akajibu: nitakupa pesa. Kaka akakataa pesa, akaomba habari. Akapewa. Kaka akampasha habari Bassam Salman, shemeji ya Maher, naye pamoja na ndugu mwingine wakapata faida ya zaidi ya dola milioni 1.5. Ndugu wawili walikubali makosa yao mbele ya korti. Shemeji alihukumiwa miezi 36 ya kifungo, na alipojitetea kwamba mwenye kutoa habari hakupokea hata franka moja, Korti Kuu ya Marekani ilijibu tarehe 6 mwezi wa 12, 2016, waamuzi wote kwa sauti moja: kumpa ndugu habari ya siri ili afanye nayo biashara ni sawa na kumpa zawadi ya pesa.

Mnaona namna ilivyoanza. Hawakuanza kama wezi. Walianza kama watoto wawili wenye baba mgonjwa. Kwetu jambo hili ni la hatari zaidi, kwa sababu tunajua kudai: nilikulipia minervali, leo unanificha? Mjomba aliye na karriere ya mawe, shemeji anayenunua kobalti kwa wachimbaji, wote watataka kujua ni mine gani itauzwa. Mkimuuliza mtoto mnamweka katikati ya ninyi na gereza. Akiwaambia «siwezi kusema», msilihesabu kuwa dharau ya Toronto.

Pesa

Mwaka huu ninyi hamlipi kitu. Staji za mabanki hayo zinalipwa, na zinalipwa vizuri. New York, kwa mfano, desturi ni kumpa stajieri kipande cha mshahara wa mtumishi wa mwaka wa kwanza, na tangu 2022 mabanki mengi makubwa ya pale yamefikisha mshahara huo karibu dola 110,000 kwa mwaka. Gawanyeni wenyewe kwa majuma 52. Tofauti na staji za kwetu, ambapo mwanafunzi anabeba barua ya universite, anazunguka na viatu vyake, na akikubaliwa anajilipia hata taksi.

Ninaandika hivi kwa sababu wezi wanajua furaha ya wazazi. Mtu anaweza kuwapigia telefoni: «Mtoto wenu amechaguliwa katika banki ya Canada, zinahitajika dola 800 za mafundisho, mtume leo kwa telefoni.» Ni bongo. Banki haiombi mzazi pesa ya mafundisho, wala ya dosie, wala ya kadi ya kuingilia. Mwanafunzi mwenyewe anaweza kununua masomo ya kujitayarisha kwa makampani ya mafundisho, akitaka. Hilo ni jambo lake, si sharti la banki. Msiuze parsele.

Upande wa pili, msihesabu mshahara huo kama wa nyumba nzima. Ni wa miezi minne, Toronto ni mji wa bei kali, na mwezi wa 9 anarudi darasani.

Mwili

Sitaficha jambo hili, ingawa litakutia hofu. Mwezi wa 8, 2013, kijana Mjerumani wa miaka 21, Moritz Erhardt, alikufa London akiwa karibu kumaliza staji yake katika banki ya Merrill Lynch. Uchunguzi ulisema ni kifafa. Mchunguzi akaongeza kwamba uchovu pengine ulisaidia kukiamsha, bali hakuweza kulithibitisha. Toka siku ile mabanki yameanza kutia mipaka. Mwaka 2015 Goldman Sachs ilikataza mastajieri kuwa katika biro toka saa sita ya usiku mpaka saa moja ya asubuhi. Lakini mwaka 2021 vijana 13 wa banki hiyohiyo, wa mwaka wa kwanza wa kazi, walionyesha kwamba walikuwa wakifanya saa 95 kwa juma. Mwaka 2024 JPMorgan iliweka mpaka wa saa 80 kwa vijana wake, na kuna nyakati ambapo mpaka huo unavukwa.

Mume wako anajua posti ya usiku. Anajua saa ya kushuka na saa ya kupanda. King'ora kinalia, anayefuata anaingia, yeye anarudi kulala. Katika biro zile hakuna king'ora. Mimi siwezi kusifu jambo hilo, hata likilipwa namna gani, na vijana wanaojivunia kutolala wananihuzunisha. Mtoto aseme tangu mwanzo kama ana ugonjwa. Ajue jina la mtu wa ofisi ya wafanyakazi. Usiku wa kurudi saa tisa ukifuatana mitatu, minne, amwambie yule anayegawa kazi, kwa maneno mawili tu. Watu wazima wanasema. Na kama mwisho wa staji ataona kazi hii si yake, msimuite mvivu. Kujua karatasi tatu na bei ya mine kutamfaa mahali pengi: katika kampani yenyewe, katika serikali, katika banki ya dirisha hapa Likasi.

Sasa, mama, mambo ya telefoni. Kati ya mwezi wa 5 na wa 8 Toronto iko nyuma yetu kwa saa sita. Wewe unampiga saa kumi na mbili ya jioni, ukimaliza soko. Kwake ni saa sita ya mchana, yuko kati ya wakubwa, hawezi kushika. Lakini yeye akifika nyumbani saa nane ya usiku, kwako ni saa mbili ya asubuhi. Usipige, ataogopa kwamba kuna msiba. Umuandikie neno fupi: Umekula? Atalijibu akiwa anavua viatu. Siku ya Mungu ndiyo ya kuzungumza, saa mbili ya usiku wetu, kwake saa nane ya mchana, akiwa amelala vya kutosha. Siku hiyo baba yake naye akae karibu na telefoni. Amuulize ile habari ya lori.